Swichi Ndogo ya Mtandao: Maelezo kwa Wenye Nyumba

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja, na kadhalika zile za miji ya kale ya Mombasa na Lamu, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake aghalabu hufikia nusu mita kwa unene au kuzidi. Ukuta wa namna hiyo, ambao umewakinga wenyeji na jua kwa karne nyingi, huyazuia pia mawimbi ya waifai yasipite, hata mtu aliyelipia intaneti ya kasi akawa hapati kitu cha maana katika chumba cha pili kutoka pale rauta ilipo. Wengi wakifikwa na taabu hii huenda dukani kununua kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi, na baadhi yao hufaidika. Lakini kwa vyombo visivyohama mahali pake, kama vile kompyuta ya mezani, televisheni, printa na kinasio cha kamera za ulinzi, dawa iliyo yakini zaidi ni waya. Ndipo inapozuka dhiki ya pili, maana rauta ya nyumbani kwa kawaida haizidi matundu manne ya waya, na baadhi ya zile zinazofungwa na makampuni ya intaneti zina mawili au moja tu. Kijitabu hiki chaeleza chombo kinachoiondoa dhiki hiyo, nacho ni swichi ndogo ya mtandao, kisanduku kinachoenea kiganjani, chenye matundu matano au manane.

Kazi yake

Njia ya kuunganisha kompyuta kwa waya iitwayo Ethaneti ilibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na David Boggs katika maabara ya kampuni ya Xerox mjini Palo Alto, California, ikawekewa kanuni rasmi mwaka 1983. Hapo mwanzo kompyuta zote zilishiriki waya mmoja. Na hata yalipokuja makasha ya kugawia yaitwayo habu, kila habari iliyoingia kwa tundu moja ilitolewa kwa matundu mengine yote, mfano wa mpiga mbiu apitaye mtaani akiwatangazia watu wote barua ya mtu mmoja. Swichi hutenda kwa busara zaidi. Kila chombo cha mtandao hutoka kiwandani na anwani yake ya biti 48, na swichi, kila inapopokea kifurushi cha habari, huitazama anwani ya mpelekaji na kuiandika katika jedwali lake pamoja na tundu alimopitia. Akija mwingine kumtafuta yule wa kwanza, hupelekwa kwenye tundu lile peke yake. Ikiwa mtafutwa hajulikani bado, kifurushi hutolewa kwa matundu yote illa lile kilikotokea, na jibu likirudi swichi huwa imekwisha kujua. Yote hayo hutendeka pasipo mwenye nyumba kuandika neno lolote la siri wala kufungua programu yoyote.

Yatupasa kusema wazi jambo ambalo wauzaji wengine hulipitia kimya: swichi haiongezi intaneti. Aliyelipia megabiti 20 kwa sekunde atabaki na hizo 20, ziwe zinatumiwa na chombo kimoja au saba. Kinachozidi ni nafasi ya vyombo, pamoja na kasi ya habari zinazopita baina ya vyombo vya nyumba yenyewe, kwa kuwa hizo hazina haja ya kutoka nje. Kwa sababu hiyo tunashauri inunuliwe swichi ya gigabiti, yaani megabiti 1000, wala si ile ya megabiti 100 ambayo bado yauzwa: faili la gigabaiti 10 linalohamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine huchukua yapata dakika 14 kwa swichi ya 100, na kama dakika moja na nusu kwa ile ya 1000.

Kuiunganisha hakuna elimu kubwa. Waya mmoja hutoka kwenye tundu lolote la ndani la rauta, si lile liingizalo intaneti kutoka nje, ukaingia tundu lolote la swichi. Vyombo vingine huchomekwa katika matundu yaliyosalia, na rauta huendelea kuvigawia anwani za mtandao kama desturi yake. Taa ya tundu ikiwaka, kiungo kimeshika.

Waya

Kwa maoni yetu hapa ndipo fedha za mwenye nyumba zinapopotea, kwani watu huchagua kisanduku kwa makini kisha wakaacha waya uwe wowote. Waya wa daraja la 5e unatosha kwa gigabiti mpaka mita 100, umbali ambao ni nadra kufikiwa na nyumba ya mtu. Ndani yake mna nyuzi nane, na gigabiti huzihitaji zote, ilhali megabiti 100 hupita kwa nne tu. Hivyo uzi mmoja ukikatika ndani ya plagi, mara nyingi kiungo hushuka hadi 100 bila ya onyo, na mwenyewe akadhani ndivyo kilivyo. Sokoni kuna pia waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu, ambao hauafiki kanuni, hukatika upesi ukikunjwa, na hupata moto zaidi unapotumiwa kupelekea kamera umeme. Ukwangue uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, urudishe dukani.

Waya wa shaba usipitishwe nje baina ya nyumba na nyumba, maana radi za masika huufuata ukaunguza vyombo vya pande zote mbili. Mahali hapo panafaa waya wa nuru. Na kwa kuwa Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na Lamu tangu 2001, atakaye kutoboa ukuta wa nje aitake kwanza idhini ya mamlaka ya hifadhi.

Tahadhari

Usichomeke ncha mbili za waya mmoja katika swichi ile ile, wala usitoe waya mbili kutoka swichi kwenda rauta moja ukitaraji kasi maradufu: habari zipelekwazo kwa wote zitazunguka pasipo kikomo, na mtandao wa nyumba nzima utasimama mpaka waya wa ziada uchomolewe. Mwenye kuitumia rauta kuukuu mahali pa swichi sharti aizime kwanza kazi yake ya kugawa anwani, la sivyo vyombo vitakuwa na wagawaji wawili wasioelewana. Na maadamu swichi hula umeme wa wati chache tu, iwekwe katika betri ile ile ya rauta, ili umeme ukikatika visizimike vyombo vya waya ilhali waifai ipo.

Fundi akimaliza kazi, usimlipe kabla hujachomeka kompyuta yenye gigabiti katika kila soketi ya ukutani na kuona kwa macho yako kwamba kasi ya kiungo iliyoandikwa ni 1000.