Chuma Ndani ya Oili ya Pikipiki: Yanayopaswa Kufanywa Kabla Injini Haijafunguliwa

Katika vijiwe vya ufundi vya Chang'ombe, kuanzia pembezoni mwa Barabara ya Chang'ombe hadi vichochoro vinavyoelekea Keko, oili ya pikipiki humwagwa mchana kutwa. Mara nyingi kazi hiyo huchukua dakika chache, oili mpya ikatiwa na dereva akarudi kusaka abiria. Lakini hutokea siku ambapo fundi huinua chombo kuelekea jua, akaonesha chenga zinazometameta, na kutamka maneno ambayo kila mwenye pikipiki huyaogopa: injini imekwisha, ni lazima ifunguliwe. Somo hili lahusu uamuzi unaofuata maneno hayo. Kwa dereva wa pikipiki ya mkataba, ambaye hesabu ya bosi haisubiri injini ipone, uamuzi huo waweza kumeza mapato ya wiki kadhaa, na hasara ni ile ile ukifanywa kwa pupa au ukicheleweshwa.

Pikipiki nyingi za biashara zina injini ya silinda moja inayopozwa kwa upepo. Oili yake, ambayo kwa kawaida ni kama lita moja tu, hulainisha pistoni na beringi, na hiyo hiyo ndiyo huogesha klachi na gia. Kwa gari mambo ni tofauti, kwani giaboksi ina oili yake peke yake. Kwa hiyo chuma kinachoonekana katika oili ya pikipiki chaweza kuwa kimetoka pistoni, gia, klachi au hata uzi wa bolti ya kumwagia oili. Fundi anayetaja kifaa kilichoharibika kwa kutazama mng'ao peke yake anabahatisha, hata akiwa mzoefu.

Jambo la kwanza la kuhakikisha ni chombo. Kidumu kilichokatwa, kinachopokea oili ya kila pikipiki tangu asubuhi, huwa na chuma cha injini za watu wengine. Mlaji ana haki ya kutaka oili yake imwagwe katika beseni safi, na imwagwe injini ikiwa na uvuguvugu ili chenga zitoke pamoja nayo badala ya kubaki zimeganda chini. Mahali pa kuzungushia bolti pafutwe kwanza. Kisha oili ichujwe kwa kitambaa cheupe, na kinachobaki kisuuzwe kwa mafuta ya taa kidogo, mbali na moto. Petroli isitumike kwa kazi hiyo.

Baada ya hapo tumia sumaku. Ya spika mbovu inatosha. Ifunge kwa karatasi ili chenga zisiing'ang'anie. Chenga zinazovutwa ni za chuma au chuma cha pua kigumu kinachotengenezewa gia, beringi, ringi na kranki. Nyeupe zisizovutwa ni alumini, yaani huenda ni za pistoni, nyumba ya klachi au mwili wa injini wenyewe. Zenye rangi ya dhahabu au shaba hutoka kwenye bushi, na hizo zisichukuliwe kwa wepesi. Vipande vyeusi vinavyosagika kama kaa kati ya vidole, tena havivutwi, mara nyingi ni bitana ya sahani za klachi.

Ukubwa una uzito kuliko rangi. Unga laini usioshikika kwa vidole, au ule uji wa kijivu unaoganda kwenye bolti yenye sumaku, ni uchakavu wa kawaida. Pikipiki mpya hutoa mng'ao mwingi zaidi katika umwagaji wa kwanza, ambao watengenezaji wengi huupanga pikipiki ikiwa imetembea kilomita mia chache tu, kwa kuwa vyuma vipya vinasuguana hadi vikae sawa. Mng'ao huo unatarajiwa kupungua katika umwagaji wa pili na wa tatu. Usipopungua, hapo pana swali. Alumini iliyojikunja kama nywele, ikionekana karibu na tundu la bolti, mara nyingi inaonesha kwamba bolti ilikazwa kupita kiasi na uzi unakatika. Huo ni ubovu wa kutengenezwa, ila hauhitaji kufungua injini nzima. Lakini kipande chenye umbo, kama ncha ya jino la gia au kipande cha pete, au vipande vinavyokwaruza ukucha, maana yake ni moja: pikipiki isiwashwe tena, hata kwa kuipeleka gereji nyingine. Ipakiwe kwenye bajaji ya mizigo au ivutwe.

Kati ya unga na kipande kuna hali ya mashaka, na hapo ndipo mlaji hupoteza fedha nyingi. Ikiwa chenga ni chache na ndogo, injini haigongi, gia hazichomoki na klachi haitelezi, njia ya busara ni kusafisha chujio, kutia oili mpya iliyo sahihi, kutembea kilomita mia mbili au tatu kwa upole, kisha kumwaga tena na kulinganisha. Lita moja ya oili ni gharama ndogo mno ukiilinganisha na kufungua injini. Kama chenga zimeongezeka, sasa una sababu ya kuifungua, na una kitu cha kumwonesha fundi. Mbinu hii haikuanza kwenye pikipiki: tangu miaka ya 1940 mashirika ya reli nchini Marekani yalikuwa yakipima madini katika oili iliyotumika ya vichwa vya treni ili kugundua ubovu kabla injini haijakatika.

Chanzo kitafutwe pia, la sivyo injini iliyotengenezwa itarudi pale pale. Upungufu wa robo lita katika injini ya lita moja ni robo nzima ya ulinzi wake. Kijiti cha kupimia kitazamwe kila asubuhi. Dereva anayetembea kilomita 100 kwa siku hutimiza kilomita 2,000 katika siku 20, kwa hiyo kuhesabu kwa miezi kunamdanganya. Chujio la hewa lililotoboka huingiza mchanga unaosaga ringi. Mishikaki nayo, mbali na kuvunja sheria, huilazimisha injini ndogo kubeba usiyoundiwa.

Ipo pia oili yenyewe. Kwa pikipiki ambayo klachi yake inaogelea ndani ya oili, tazama nyuma ya kopo alama ya JASO MA au MA2. JASO MB haikukusudiwa klachi ya namna hiyo, na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze. Kisha tazama kama kizibo hakijafunguliwa, na kama namba ya toleo inasomeka. Kopo lililotumika litobolewe kabla ya kutupwa, kwani kopo zima lenye nembo ni mtaji wa mwenye nia ya kulijaza tena oili chakavu. Oili chafu isimwagwe kwenye mtaro. Na kabla seremala hajaichukua kwa ajili ya mchwa, weka kando kikombe kimoja.

Kikombe hicho, pamoja na chenga zilizokaushwa ndani ya karatasi, kopo la oili, risiti ya EFD na tarehe na kilomita zilizoandikwa, ndio ushahidi wako. Pikipiki ikiwa bado ndani ya waranti, mpelekee wakala kabla fundi mwingine hajagusa bolti za injini, maana kufunguliwa nje mara nyingi huondoa haki hiyo. Ukishuku oili ni bandia, Tume ya Ushindani (FCC) hushughulikia bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Ubora wa bidhaa ni eneo la Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na biashara ya vilainishi husimamiwa na EWURA. Bila risiti na kopo, malalamiko yanakuwa maneno matupu.

Wenye mikataba waandike mapema nani atalipia injini ikifa: bosi, au dereva. Suala hili hujadiliwa kwa utulivu zaidi pikipiki ikiwa inatembea.

Ikibidi kufungua, tafuta maoni ya fundi wa pili. Si kosa kumuuliza alisomea wapi. Chang'ombe yenyewe ina chuo cha VETA kinachofundisha ufundi wa magari. Pata makadirio ya maandishi yanayotenganisha vipuri na ufundi, uwepo wakati kifuniko kinapofunguliwa, na udai kukabidhiwa kila kifaa cha zamani kilichotolewa. Ni mali yako, na jino la gia linalokosekana litalingana na kipande ulichokihifadhi kwenye karatasi, au halitalingana.