Meli ya Gozo na Maneno Tunayoyajua

Mwaka huu sikuandika shairi. Nimeleta somo, na chanzo chake ni aibu niliyoipata katika mkutano wa chama muhula wa kwanza. Ndugu mmoja wa kidato cha nne (simtaji, anajijua) alisimama akasema ati Kiswahili ni Kiarabu tu kilichohamia Afrika. Nilinyosha mkono kumpinga, nikapewa nafasi, kisha nikakosa la kusema! Nilijua amekosea lakini sikujua amekosea wapi. Watu walicheka, nikaketi. Mwalimu mlezi akaniambia, "Kijana, tafuta lugha nyingine iliyokutana na Waarabu, uilinganishe na yetu. Halafu utuletee jibu."

Basi nimelileta, na limenifikisha mbali: kwenye feri zinazovuka kati ya visiwa viwili vya Bahari ya Mediterania, Malta na Gozo. Sijafika huko kwa miguu yangu. Nimefika kwa vitabu na ramani, kwa hivyo tuvuke pamoja.

Malta ni nchi ya visiwa iliyo kusini mwa Sisilia. Ilitawaliwa na Waingereza kama sisi, ikapata uhuru Septemba 1964, miezi tisa baada yetu. Kisiwa kikubwa huitwa Malta kama nchi yenyewe, na cha pili ni Gozo chenye watu karibu 40,000. Ukitaka kwenda Gozo na gari, unafuata barabara hadi ncha ya kaskazini, mahali paitwapo Ċirkewwa. Njiani unapita ghuba ya Mtakatifu Paulo, ambako wenyeji husema ndiko ilikovunjikia ile merikebu iliyombeba mtume. Wanaosoma somo la dini wanaikumbuka habari hiyo pamoja na yule nyoka.

Feri zenyewe zina mlango mbele na nyuma, kwa hivyo magari huingia upande huu na kutokea upande ule, vile vile kama Likoni. Moja hubeba magari zaidi ya 100 na abiria mamia kadhaa, na husafiri usiku na mchana. Safari ni kilomita tano hivi, dakika 25 unafika bandari ya Mġarr. Katikati unapita kisiwa kidogo ambacho wenyeji hukiita Kemmuna, jina lililotokana na bizari nyembamba, ile ile tunayotia katika pilau! Juu yake unaona mnara uliojengwa mwaka 1618 wa kuwaangalia maharamia. Jambo lililonichekesha ni nauli. Kwa miaka mingi utaratibu umekuwa kwamba ukienda Gozo hulipi kitu, unalipa unaporudi, maana utarudi tu. Hebu mwambie kondakta wa matatu ninayopanda asubuhi maneno hayo uone.

Lakini maji hayo si ya mchezo. Mwaka 1551 Waturuki na maharamia wao waliivamia Gozo wakawachukua utumwani karibu watu wote wa kisiwa. Na tarehe 30 Oktoba 1948, mashua ya wavuvi iliyokuwa ikivusha abiria kwenda Mġarr ilipinduka kwa mawimbi. Kati ya watu 27 waliokuwemo, 23 walikufa. Hata leo upepo ukizidi feri husimama, na mfanyakazi au mwanafunzi wa Gozo aliyekuwa avuke asubuhi hana budi kungoja. Mimi mwanafunzi wa kutwa nawaelewa sana. Ukichelewa, nani atauliza mvua ilikuwaje? Kwa miaka mingi wamebishana kama wachimbe handaki chini ya bahari. Wengine wanalitaka, wengine wanasema Gozo itapoteza utulivu wake.

Sasa tusikilize abiria wanavyoongea. Waarabu walitawala Malta tangu karne ya tisa na lugha yao ikabaki. Bahari wanaiita baħar. Kusafiri ng'ambo ni safar. Dunia ni dinja, saa ni siegħa, kitabu ni ktieb. Nilipofika hapo niliogopa, nikaona yule ndugu atanishinda mara ya pili.

Kumbe dawa ilikuwa katika kuhesabu. Mmalta akihesabu moja hadi kumi, namba zote ni za asili ya Kiarabu. Sisi tumekopa tatu tu: sita, saba na tisa. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni zetu za Kibantu. Halafu nikatazama wingi. Mmalta husema ktieb, na vikiwa vingi husema kotba, yaani neno linavunjwa ndani kwa ndani kama afanyavyo Mwarabu. Sisi je? Tulilipokea neno kitabu, tukaisikia ile ki- ya mwanzo, tukaliingiza katika ngeli ya KI-VI pamoja na kiti na kisu: vitabu! Mwarabu hana vitabu. Nilipoliona hilo nilipiga meza ya maktaba, nikafukuzwa nje.

Na feri? Wao huiita vapur, neno la Kiitaliano lenye asili ya mvuke. Wingi wake ni vapuri, nao umefuata Kiitaliano. Kwa hivyo hata wao wamekopa kwa jirani, na wamekopa mengi, lakini mifupa ya lugha yao ni ya Kiarabu. Mifupa yetu ni ya Kibantu.

Niliposoma haya mbele ya chama, yule ndugu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba angalau nyama ni ya Waarabu. Nikamjibu nyama ni neno la Kibantu. Watu walicheka tena, safari hii hawakunicheka mimi.

Zoezi kwenu: Kimalta x husomwa sh, na ħ husomwa h. Someni xitan, kisha sultan. Mwisho xahar, maana yake mwezi. Hilo nalo tunalo, limejificha katika neno analolingoja baba kila tarehe 30. Mwenye jibu anione kidato cha tatu, dawati la dirishani.