Kituo cha afya ni cha nani?



Familia nyingi zikikimbilia kijiji kimoja, kituo cha afya huelemewa mapema. Kongo, eneo moja la afya hupangwa kwa watu elfu 5 hadi elfu 10 hivi. Wageni wakiingia, foleni inakuwa ndefu, dawa zinaisha, na manung'uniko yanaanza: "Wakimbizi wametumalizia dawa." Kwa hiyo kujenga kituo ni kazi ya amani pia. Lakini kikijengwa bila mapatano, kinaleta ugomvi mpya. Tujifunze pamoja.

Nani ana mamlaka?

Katiba ya mwaka 2006 imeyapa majimbo kazi ya kupanga huduma za msingi za afya. Chini ya jimbo kuna mji, komini, sekta na sheferi, ambazo sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaziruhusu kusimamia mambo yao zenyewe. Wauguzi nao wanasimamiwa na daktari mkuu wa zoni ya afya. Basi chifu anaweza kutoa kiwanja, shirika likatoa saruji na mabati, na bado asipatikane wa kumlipa muuguzi.

Vizuizi vitatu

1. Kiwanja. Kwa sheria ya mwaka 1973, udongo ni mali ya serikali. Lakini vijijini chifu ndiye anayeugawa kwa desturi, mara nyingi kwa mdomo tu. Chifu akifa, warithi wanaweza kuja kudai shamba lao wakati kuta zimekwisha simama. Andikeni hati mbele ya mashahidi, majirani wa kiwanja wakiwemo, kabla ya kuchimba msingi.

2. Fedha. Katiba inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yabaki majimboni. Sheria ya 2008 inazipa sekta, sheferi, miji na komini asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo. Lakini kwa miaka mingi pesa zimepitia Kinshasa kwanza, na zinarudi pungufu na kwa kuchelewa. Wauguzi wengi hawana mshahara wa serikali, wanaishi kwa malipo ya wagonjwa. Mama aliyekimbia mikono mitupu anaombwa pesa mlangoni. Shirika likimlipia kwa miezi kadhaa kisha likaondoka, shida inarudi palepale.

3. Mahali. Tuseme kuna vijiji viwili vya makabila mawili, na mto katikati. Kituo kikijengwa upande mmoja bila mazungumzo, wa ng'ambo watasema, "Kile ni chao." Siku ya machafuko, mama mwenye uchungu wa kuzaa ataogopa kuvuka. Tena, kituo kisichokuwa katika mpango wa zoni ya afya kinaweza kukosa wauguzi na dawa.

Tufanye nini?

Tusianze na matofali, tuanze na kikao. Chifu, ofisi ya zoni, kamati ya afya na shirika wakae pamoja na kuandika mambo manne: kiwanja ni cha nani, muuguzi atalipwa na nani, mgonjwa atalipa kiasi gani, na asiye na kitu atatibiwaje. Barua hiyo isomwe mbele ya watu wote, kwa lugha wanayoielewa.

Katika kamati ya afya wawemo waliokimbia vita na wenyeji waliowapokea, wanawake na wanaume. Mkimbizi akiwa kwenye kamati, anaona daftari la dawa na kuwaeleza wenzake ukweli. Mwenyeji naye anaona kwamba jengo litabaki kwake hata wageni wakirudi kwao. Hapo maneno ya "wametumalizia dawa" yanapata jibu.

Maswali ya kuzungumzia

- Kiwanja cha kituo chetu kina hati? Nani anaitunza?
- Katika kamati yetu, nani anasema kwa ajili ya waliokimbia?
- Shirika likiondoka kesho, mlango wa kituo utabaki wazi kwa nguvu ya nani?
- Je, kuna watu wanaoogopa kuja kutibiwa hapa? Kwa sababu gani?

Zungumzeni bila kugombana. Mkikosa jibu la swali moja, lipelekeni kwa chifu na kwa ofisi ya zoni kabla ya ujenzi kuanza.