Si Kila Kikohozi ni Kifua Kikuu

Mtu akikohoa siku nyingi na kutema damu, watu husema mara moja kwamba ana kifua kikuu. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini uko ugonjwa mwingine, ambao ni wa nadra katika sehemu nyingi za Kenya, ila huko Turkana, kaskazini ya nchi, wajulikana sana. Madaktari huuita haidatidi.

Ugonjwa huu waletwa na tegu mdogo mno, asiyefika sentimeta 1, akaaye ndani ya matumbo ya mbwa. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi, yakashika manyoya ya mbwa, majani na maji. Kondoo, mbuzi au ngamia akiyameza, huota vifuko vya maji katika ini na mapafu. Mbwa naye akila nyama hiyo mbichi, hupata tegu wapya. Mwanadamu huyameza kwa mikono michafu. Kifuko chake huota zaidi katika ini, na pengine katika mapafu, kikakua polepole kwa miaka mingi pasipo maumivu.

Hapo ndipo picha ya eksirei ifaapo. Mapafu yenye hewa huonekana meusi. Kifuko huonekana cheupe, cha mviringo, chenye ukingo safi kama uliochorwa. Kikipasuka na hewa kuingia, ngozi yake ya ndani huelea juu ya maji kama yungiyungi ziwani, na mgonjwa huweza kukohoa maji ya chumvi. Ini hupimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, lakini mawimbi hayo hayapenyi hewa ya mapafu.

Picha peke yake haitoshi, maana magonjwa mengine yaweza kufanana nayo. Kwa hiyo makohozi na damu pia hupimwa. Wala uvimbe huo usichomwe sindano kwa haraka: maji yake yakimwagika kifuani yaweza kuua ghafula, au kupanda vifuko vipya. Tiba ni kupasuliwa na daktari, pamoja na dawa ya albendazoli.

Kinga yake ni rahisi kuliko tiba:
1. Mbwa wasipewe ini wala mapafu mabichi. Yachomwe au yafukiwe chini sana.
2. Mbwa wapewe dawa ya tegu.
3. Watoto wasilambwe na mbwa.
4. Kila mtu anawe mikono kabla ya kula.

Na mgonjwa atumiaye dawa za kifua kikuu asipone, asikate tamaa wala asiziache mwenyewe, bali arudi hospitali aombe kupimwa tena.