Vivimbe vyeupe kwenye fizi za mtoto: kabla ya kumpeleka kwa mng'oa meno

SWALI: Ninasomea udaktari wa meno, mwaka wa pili, na muhula huu tumeanza alama za uso na kinywa. Nipo nyumbani kwa likizo. Mtoto wa dada yangu, wa miezi mitano, ana homa na anaharisha tangu juzi. Bibi ametazama fizi zake akasema ni meno ya plastiki, apelekwe kwa mzee anayeyang'oa. Nami nimetazama, kweli kuna vivimbe vyeupe juu na chini. Kwenye kitabu changu havimo. Nimwambie nini bibi?
Msomaji, Singida

JIBU: Mtoto aende kituo cha afya leo hii, mengine yatafuata. Homa na kuharisha kwake havitoki kwenye fizi. Apimwe malaria na achunguzwe chanzo cha kuharisha. Mama aendelee kumnyonyesha kila anapotaka, mtoto apewe maji ya ORS, na zinki miligramu 10 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, kama mhudumu atakavyoelekeza kwa umri wake. Akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea, macho yakidumbukia, akipata degedege au mkiona damu kwenye choo, msisubiri hata saa moja.

Sasa tuje kinywani. Vitabu vingi vya wanafunzi vinachora kinywa cha mtu mzima mwenye meno 32, ndiyo maana hukuona ulichokitafuta. Kaa uso kwa uso na dada yako, magoti yenu yagusane, mtoto alale kichwa kikiwa mapajani mwako na miguu kwa mama yake. Nawa mikono, washa tochi ya simu, inua mdomo wa juu taratibu. Utaona kamba nyembamba inayoshikanisha mdomo na ufizi. Hapo ndipo katikati, na hesabu yako yote inaanzia hapo.

Ufizi wa mtoto ambaye hajaota meno una mikunjo midogo inayougawa sehemu 10 juu na 10 chini, kila sehemu ikibeba jino moja la utoto. Toka katikati kwenda pembeni, ya kwanza na ya pili ni za meno ya mbele. Ya tatu ni ya chonge, na nyuma yake kuna mkunjo unaoonekana wazi kuliko mingine. Hiyo ya tatu ndiyo aliyoiona bibi. Katika umri huu hutuna, na ngozi ya ufizi ikivutika juu ya jino linalokua huonekana nyeupe kuliko jirani zake. Tazama upande wa pili, kisha chini: utakuta vivimbe vinne, kimoja kila robo ya kinywa, kila kimoja mahali pa tatu. Zoea kulinganisha kulia na kushoto kila unapomtazama mgonjwa. Uvimbe wa upande mmoja, wenye usaha, unaovuja damu au unaokua haraka ndio wa kukutia wasiwasi.

Chonge za utoto huota mtoto akiwa na miezi 16 hadi 23 hivi. Anachochimbua yule mzee katika mwezi wa tano ni jino changa, laini, lisilo na mzizi. Mzazi akiwekewa kiganjani anaamini kabisa kwamba hilo halikuwa jino. Huchimbuliwa kwa kisu, msumari au waya wa baiskeli, bila ganzi. Mtoto mdogo ana damu kidogo, na vifaa hivyo huweza kumwachia pepopunda, maambukizi ya damu au virusi vya UKIMWI. Wapo watoto waliokufa kwa sababu hiyo. Jambo hili linaniuma, kwa sababu kifo hicho huanza na mzazi aliyekuwa anatafuta tiba.

Anayepona naye hubaki na deni. Chonge ya ukubwani huanza kuwa ngumu kati ya mwezi wa nne na wa tano, ikiwa imejificha karibu sana na ile ya utoto. Ncha ya chuma haiwezi kuzitenganisha. Madhara huonekana mtoto akifika miaka tisa hadi 12: chonge inatoka ikiwa na kasoro, inapinda, au haitoki kabisa.

Bibi usimkemee. Ameona watoto wengi waliong'olewa kisha homa ikakatika, na hakuna uongo katika alichokiona. Kuharisha kwa watoto mara nyingi huisha kwenyewe baada ya siku kadhaa, kwa hiyo atakayeshika kisu siku ya nne ndiye atakayepewa shukrani. Mkalishe karibu yako kwenye mwanga, mhesabie: moja, mbili, tatu. Kama jirani ana mtoto mchanga mzima anayecheka na kunyonya vizuri, omba ruhusa umwoneshe bibi vivimbe vile vile vinne. Hilo litamgusa kuliko hotuba yako yote.

Utakapohitimu utakuta makosa ya namna hii pia kwa watu wazima. Mmoja ataleta kinundu kilicho ndani ya shavu mkabala na gego la pili la juu, ambacho ni mlango wa mate. Mwingine ataleta vipele vikubwa vilivyopangana nyuma ya ulimi, navyo ni vya kuonjea. Na kimeo bado kinakatwa kwa sababu ya kikohozi, ilhali kila mtu amezaliwa nacho.

Ikiwa mtoto ameshang'olewa kabla barua hii haijachapishwa, mpelekeni hospitali hata kama anaonekana mzima. Semeni ukweli bila kuona haya, ili jeraha lisafishwe, chanjo yake ya pepopunda ikaguliwe na mama aelezwe kuhusu kipimo cha VVU. Ombeni pia tarehe na meno yaliyotolewa viandikwe kwenye kadi yake ya kliniki, maana daktari wa meno atavihitaji baadaye.