Mbwa Akimeza Kisicholiwa



Kikundi kimoja cha kina mama wa Kayole kilikuwa na mbwa wa kulinda kuku wa mradi. Siku moja akameza gunzi la mahindi choma. Alipoanza kutapika, mmoja akasema, "Mpeni maji ya chumvi." Mwingine akaleta mafuta ya kupikia. Siku ya nne mbwa akafa, na haikupita wiki wezi wakabeba kuku. Haya, tujifunze pamoja.

TUONE
Hapa kwetu Eastlands mbwa wengi hujitafutia chakula kwenye taka. Majuala ya kubebea yalipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, lakini magunzi, mifupa, soksi, nyuzi na betri bado zimejaa mitaroni. Gunzi huziba utumbo, uzi huukata, betri huunguza. Dalili ni kutapika tena na tena, kukataa chakula, tumbo kuuma, na kujikaza bila kutoa choo.

TUTENDE
1. Ulizeni amemeza nini na saa ngapi. Bebeni kipande kilichobaki.
2. Msimtapishe kwa chumvi, mafuta wala maziwa. Chumvi nyingi huua, na mafuta huweza kuingia mapafuni.
3. Uzi ukining'inia mdomoni au nyuma, msiuvute.
4. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Msingoje hadi alale chini. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama kule Kabete.

TAHADHARI KUBWA
Mbwa anayetokwa mate na kushindwa kumeza, msidhani tu ni mfupa umemkwama. Huenda ana kichaa cha mbwa. Msitie mkono mdomoni! Watoto wakae mbali, na daktari aitwe. Mtu akiumwa, au mate yakiingia kwenye kidonda, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja apate chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ugonjwa huu karibu kila mara huua.

MASWALI YA KUJADILI
1. Taka za ploti yetu hutupwa wapi, na nani huzifunika?
2. Mbwa wetu amechanjwa mwaka huu?
3. Je, tunaweza kuweka shilingi chache kila mkutano kwa ajili ya daktari? Mbwa ndiye askari wa mradi. Yeye naye ana haki ya kutunzwa.