Kwa Nini Mkanda wa Msumeno Hautoki Katika Gurudumu

Msumeno wa mkanda ni mashine ya karakana inayopasua mbao kwa utepe mwembamba wa chuma wenye meno upande mmoja. Ncha za utepe huo zimeunganishwa kwa moto, ukawa pete ndefu inayozunguka juu ya magurudumu mawili. Gurudumu la chini huzungushwa na mota; la juu hufuata tu. William Newberry alipewa hataza ya mashine ya namna hii mjini London mwaka 1808, lakini kwa miaka mingi haikufaa kwa kazi, kwani mkanda ulikatika upesi penye maungio. Njia ilifunguka baada ya Anne Paulin Crépin wa Ufaransa kupata hataza ya namna bora ya kuunganisha, mwaka 1846.

Mwenye kuifungua milango ya mashine hii huona jambo la ajabu. Magurudumu hayana kuta za kuuzuia mkanda usitoke. Uso wa gurudumu, ambao aghalabu huvikwa mpira, umeinuka kidogo katikati na kushuka pembeni. Mtu angetazamia mkanda uteleze kutoka katika mwinuko huo, kama maji yatokavyo juu ya paa. Kumbe hupanda. Anayeielewa sababu yake ataweza kurekebisha msumeno wowote wa aina hii. Asiyeielewa hubaki kukisia, na kukisia mbele ya mkanda uendao mita 15 kwa sekunde ni kuhatarisha vidole.

Jaribio la ndoo

Mwanafunzi achukue ndoo yenye mdomo mpana na kitako chembamba. Akate ukanda wa karatasi ulionyooka, wenye upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 50. Abandike sehemu ya katikati ya karatasi ubavuni mwa ndoo, sambamba na kitako, kisha ailaze karatasi pande zote mbili bila kuikunja wala kuivuta. Ataona ncha zote mbili zikielekea mdomoni mwa ndoo, yaani upande wenye kipenyo kikubwa. Ubavu wa ndoo ni sehemu ya pia, na utepe ulionyooka ukilazwa vizuri juu ya pia hauna njia nyingine ya kupita.

Mkanda wa chuma hufuata kanuni hiyo. Kila nusu ya uso wa gurudumu ni kama ndoo fupi ambayo mdomo wake uko katikati. Mkanda ukisogea pembeni hukalia mteremko, na ile sehemu ambayo haijagusa gurudumu bado huelekezwa kwenye kipenyo kikubwa. Kila kipande kinachowasili hutua karibu zaidi na katikati kuliko kilichotangulia, mpaka mkanda ufike kileleni, ambako mielekeo ya pande mbili hulingana. Hivyo mahali mkanda utakapokaa huamuliwa na sehemu inayoingia katika gurudumu, wala si inayotoka.

Kuinamisha gurudumu la juu

Mwinuko peke yake hautoshi, maana ni nadra magurudumu mawili kuwa katika mstari mmoja kamili. Kwa hiyo mhimili wa gurudumu la juu umewekewa skrubu ya kuuinamisha. Kilele cha gurudumu kikilala nyuma kidogo, ubavu unaopokea mkanda hupanda huku ukielekea nyuma, nao mkanda huchukuliwa upande huo. Kikilala mbele, mkanda huja mbele. Kwa ufupi, mkanda hufuata upande ambao kilele kimelalia.

Hatua za kurekebisha

1. Plagi itolewe katika soketi. Kuzima swichi hakutoshi. Milango ifunguliwe.

2. Vielekezi vyote, vya juu na vya chini ya meza, virudishwe nyuma visiguse mkanda. Mpira wa magurudumu usafishwe, kwani vumbi na utomvu wa msonobari vikigandamana hufanya mwinuko wa uongo.

3. Mkanda uvikwe, meno yakitazama mbele, na penye meza yakielekea chini. Kisha ukazwe kwa kipimo cha mtengenezaji. Kukaza hutangulia kuelekeza, maana fremu hujipinda kidogo inapovutwa.

4. Gurudumu la juu lizungushwe kwa mkono kufuata mwendo wa kukata. Mkanda ukihama, skrubu izungushwe robo ya mzunguko tu, na gurudumu lizungushwe tena mara kadhaa. Mkanda ukitulia katikati, nati ya kufungia ikazwe.

5. Sasa vielekezi virudishwe. Vya pembeni viwe nyuma ya mabonde ya meno, vikiacha nafasi ya unene wa karatasi. Beringi ya nyuma isiguse mkanda usiokata kitu.

6. Milango ifungwe kabla ya kurudisha umeme. Mashine iwashwe na kuzimwa mara moja kwa majaribio, watu wote wakiwa wamesimama kando.

Kosa la kawaida ni kuiacha hatua ya nne na kuitumia beringi ya nyuma kuusukuma mkanda. Mkanda huonekana umetulia, lakini ukingo wake wa nyuma husuguliwa wakati wote, hupata moto na kuchakaa.

Uchovu wa chuma

Hatari ya kosa hilo huonekana kwa hesabu. Mkanda unapopinda juu ya gurudumu, mkazo wa kupinda ni moduli ya Young mara unene wa mkanda, gawanya kwa kipenyo cha gurudumu. Moduli ya chuma ni takriban niutoni 200,000 kwa milimita ya mraba. Kwa mkanda wa unene wa milimita 0.5 na gurudumu la milimita 350:

200,000 × 0.5 ÷ 350 = 286

yaani niutoni 286 hivi kwa kila milimita ya mraba, kabla ya kuongeza mkazo utokanao na kukaza. Mkanda wa mita 2.5 ukienda mita 15 kwa sekunde huzunguka mara 6 kila sekunde. Kila mzunguko huupinda mara mbili, basi kwa saa moja kila sehemu yake hupindwa na kunyooshwa mara 43,200. Chuma huchoka. Ufa huanzia penye kasoro: katika bonde la jino, au katika ukingo ulioharibiwa na beringi. Mkanda uliokaa sawasawa hauna kasoro hiyo ya pili, na anayeutumia ameondoa sababu moja ya kukatikiwa akiwa kazini.

Maswali

1. Tafuta mkazo wa kupinda wa mkanda wa unene wa milimita 0.9 juu ya gurudumu hilohilo. Je, mkanda huo utadumu zaidi au kidogo kuliko wa milimita 0.5?

2. Rudia jaribio la karatasi ndoo ikiwa imepinduliwa. Ncha zinaelekea wapi? Jibu lako laonyesha nini kuhusu sehemu ya uzito katika jambo hili?

3. Mkanda utafanya nini juu ya gurudumu ambalo mpira wake umelika na kubonyea katikati?